Leseni ya saluni yauliza chumba, haiulizi mkono

Mavuno yanapoingia Hanang, bei ya mbaazi na alizeti si kipimo pekee cha fedha iliyomo mfukoni mwa mwananchi. Kipimo kingine ni benchi la saluni. Pita Katesh siku ya mnada, au Haydom Jumamosi ya harusi, au Mbulu mjini wiki ya kipaimara, utaona akina mama na wasichana wamepanga mstari wakisubiri zamu chini ya draya, na nje vijana wakimngoja kinyozi. Mvua ikikataa, au vitunguu saumu vya Mbulu vikishuka bei, benchi hilo hubaki tupu kabla hata mwenye duka la nguo hajaanza kulalamika.

Safu hii kwa kawaida hushughulika na magunia na mifugo. Leo wenye mbaazi watuwie radhi. Tunataka kuzungumzia biashara ambayo wafanyabiashara wengi huiona kama ya kujishikiza, hali mitaji midogo ya wilaya hizi mbili inazidi kumiminikia humo: mjane anayefunguliwa saluni na mwanawe aliye Arusha, mwalimu anayemwekea mkewe draya mbili, kijana anayeuza ndama wawili ili anunue mashine za kunyolea. Hawa ni wawekezaji, hata kama hawajiiti hivyo. Na wengi wao wanawekeza katika kitu ambacho hakuna anayekipima: mkono wa fundi.

Karatasi iliyo ukutani

Ingia saluni yoyote iliyo halali na utaiona leseni ya biashara imebandikwa ukutani. Sheria inayoisimamia ni Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Historia yake ina milima na mabonde. Katikati ya miaka ya 2000 Serikali iliwaondolea wafanyabiashara wadogo mzigo wa ada na wa kuomba upya kila mwaka. Baadaye, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2014, ada zilirudi, na leseni ikawa tena ni kitu cha miezi 12. Saluni iko katika kundi la biashara ambazo leseni zake hutolewa na halmashauri, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa kompyuta wa TAUSI ulio chini ya TAMISEMI.

Mwombaji huulizwa nini? Namba ya mlipakodi. Uthibitisho kwamba hadaiwi kodi. Kitambulisho cha taifa. Mkataba wa pango au hati ya jengo. Akilipa, karatasi hutoka. Hakuna mahali anapoulizwa kama yeye au msichana wake wa kazi aliwahi kufundishwa tofauti kati ya dawa ya kulainisha nywele na dawa ya kuosha vyombo.

Hatusemi kwamba afisa biashara anakosea. Sheria ilikusudiwa kuijua biashara iko wapi na inalipa nini, na hilo inalifanya. Kosa ni letu sisi wateja na wenye mitaji tunaoitazama karatasi hiyo tukadhani imetuhakikishia ufundi. Leseni imekagua chumba. Mkono haujakaguliwa.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulisema hili. Mdogo wangu wa kike aliingia saluni siku mbili kabla ya sherehe yake ya kuagwa, katika mji ambao sitautaja. Msusi alimpaka dawa, kisha akaenda kumalizia kichwa cha mteja mwingine. Aliporudi, ngozi ilikuwa imeshaungua nyuma ya masikio na utosini. Bibi harusi mtarajiwa aliagwa akiwa amefunga kilemba, na picha zote za siku ile anazo lakini hataki kuzionyesha. Leseni ilikuwa ukutani, imelipiwa, haijaisha muda. Msusi mwenyewe alilia kuliko mdogo wangu. Hakuwa mzembe wa makusudi. Alikuwa amejifunza kwa kutazama, na aliyemtazama naye alijifunza kwa kutazama.

Dawa, wembe na taa ya bluu

Wafanyabiashara wa sabuni wanaijua kostiki soda na wanajua haichezewi. Dawa nyingi za kulainisha nywele hutumia alkali ya jamii hiyo hiyo. Kazi yake ni kuvunja viungo vinavyoipa nywele umbo lake, na ikiachwa huendelea mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana haipakwi juu ya kichwa chenye mikwaruzo, haipakwi kwa kukisia muda, na baada yake lazima itumike shampuu maalumu ya kuizima, si maji matupu. Haya ni masomo ya siku moja au mbili. Asiyeyapata anaweza kufanya kazi miaka mitano bila ajali, kisha siku moja akapoteza jina lote alilolijenga.

Kwa vinyozi hadithi ni nyingine. Mapunye husafiri kutoka kichwa cha mtoto mmoja hadi cha mwingine kwa mashine isiyosafishwa, na wembe uliotumika mara mbili unaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Vinyozi wengi wameweka kijisanduku chenye taa ya bluu, mteja akiiona anaridhika. Lakini mwanga ule haupenyi nywele na mafuta yaliyogandamana kwenye meno ya mashine. Bila kuisugua na kuipaka dawa ya kuua vijidudu kwanza, taa ile ni pambo la duka.

Kuna na upande wa mali iliyo rafuni. Hadi mwaka 2019 vipodozi vilikuwa chini ya TFDA. Mwaka huo kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na baadhi ya dawa za steroidi vimepigwa marufuku kwa sababu huharibu ngozi, na zebaki huharibu hata figo. Mwenye saluni asiyejua kusoma orodha ya viungo nyuma ya chupa hununua katoni kwa bei ya kutupa kwenye mnada, kisha wakaguzi wanapopita mtaji wake wote unakwenda kuteketezwa. Hapo elimu si anasa. Ni bima ya mali.

Ulinzi uliokuja mwaka 2025

Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri chini ya sheria ile ile ya leseni, akipiga marufuku watu wasio raia kufanya biashara za aina 15. Saluni imo, isipokuwa ile iliyo hotelini au inayohudumia utalii. Mgeni atakayekaidi anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kunyang'anywa viza na kibali cha ukazi. Raia atakayemkingia kifua naye anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Amri hiyo ilishangiliwa Kariakoo, na majirani zetu wa Kenya waliilalamikia. Kwa Mbulu na Hanang haikubadilisha mengi, maana wageni wenye saluni huku si wa kuhesabu. Lakini ina somo. Serikali imesema kazi hii ni ya Mtanzania. Sasa swali ni moja: Mtanzania huyo anaijua? Ukuta wa sheria humzuia mshindani asiingie. Haumzuii mteja asitoke. Barabara ya lami kutoka Singida hadi Minjingu, inayopita Katesh na Babati, imeifanya Arusha kuwa karibu. Mama wa Katesh mwenye harusi ya maana hupanda basi asubuhi akatengenezwe huko, na fedha yake ya alizeti haizunguki tena Hanang. Hakuna amri ya waziri itakayomrudisha. Atakayemrudisha ni fundi aliye bora.

Hesabu ya daftari

Tuje kwenye fedha, maana ndiko msomaji wa ukurasa huu anakotaka kufika. Elimu ya kuendelea kwa mwenye saluni si ya nywele pekee. Sehemu yenye faida ya haraka ni daftari.

Tuchukue mfano wa saluni inayoingiza shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa saluni yetu ni asilimia 3 ya milioni 2, sawa na shilingi 60,000. Ameokoa 40,000 kwa kuandika tu. Mwenye mauzo ya milioni 4 na nusu angelipa 15,000 badala ya 100,000. Na aliye chini ya milioni 4 hakutakiwa kulipa kitu, lakini bila daftari atamthibitishiaje mkadiriaji kwamba yuko chini? Viwango hubadilika bungeni kila Juni, kwa hiyo muulize afisa wa TRA vya mwaka huu. Kanuni ya kuwa na daftari haibadiliki.

Daftari lina kazi ya pili. Draya huchakaa, mashine huchakaa, na umeme wa kukatika-katika huziua mapema zaidi. Mwenye saluni asiyetenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya uchakavu hujiona ana faida mpaka siku draya inapoungua, ndipo hugundua kwamba alikuwa anakula mashine yake kidogo kidogo.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani wamekwenda upande wa pili kabisa. Huko anayepewa leseni ni mtu, si chumba tu. Jimbo la Texas linadai saa 1,000 za mafunzo, baada ya kuzipunguza kutoka 1,500. Jimbo la Illinois linamtaka msusi anapofanya upya leseni yake kila miaka miwili aonyeshe saa 14 za masomo ya kuendelea.

Tusikimbilie kuiga. Masharti hayo yamewaumiza wengi, na miongoni mwao ni dada zetu wa Kiafrika wanaosuka kwa mkono. Walidaiwa wasome miezi na miezi kuhusu dawa wasizozitumia kabisa, ili waruhusiwe kusuka mitindo waliyofundishwa na bibi zao. Walipiga kelele, wakaenda mahakamani, na majimbo kadhaa yakalegeza. Texas iliiondoa leseni ya kusuka mwaka 2015.

Hapo ndipo penye funzo kwa Mbulu na Hanang. Anayesuka yeboyebo barazani kwake hana dawa wala wembe. Aachwe afanye kazi yake. Mjadala uwahusu wanaopaka kemikali kichwani na wanaogusa ngozi kwa chuma. Hawa ndio wenye uwezo wa kumdhuru mtu, na hawa ndio wanaopaswa kujua wanachokifanya.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema: mnataka kumwongezea mnyonge karatasi nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Hanang haijasahau Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na maduka. Wapo walioanza upya bila kiti, bila kioo, bila hata karatasi ya kuonyesha walikuwa wakifanya nini. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hatapata leseni mpaka alete cheti ni kumpiga teke aliyeanguka.

Tena kila sharti jipya ni dirisha jipya la rushwa. Ukilifanya cheti kuwa kufuli la leseni, wengi watarudi uani kufanya kazi kwa siri, mahali ambapo afisa afya hafiki. Halmashauri itakosa ada, mteja atakosa usalama.

Kwa hiyo safu hii haidai cheti kiwe sharti la leseni. Inadai kiwe na faida. Watu hawakimbilii kitu kwa kutishwa, hukimbilia kwa kuona wenzao wanafaidika.

La kufanya

Kwanza, halmashauri. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili mfumo urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Kikundi cha wasusi chenye vyeti vya ufundi na madaftari kipewe kipaumbele dhidi ya kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya mkopo. Halmashauri yenyewe itafaidika, maana fundi mwenye ujuzi hurejesha.

Pili, kabla ya leseni kuisha, ofisi ya biashara iitishe mkutano wa nusu siku Katesh, Mbulu na Haydom. Afisa afya aonyeshe jinsi ya kusafisha mashine. Mtu wa TBS aje na chupa zilizopigwa marufuku ili watu wazione kwa macho. TRA wafundishe daftari. Aliye na simu ndogo asaidiwe hapo hapo kuingia TAUSI. Gharama yake haifiki ya semina moja ya hotelini.

Tatu, VETA. Mamlaka hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi nje ya darasa, kama waashi, maseremala na makanika. Wasusi na vinyozi waliojifunza kwa kutazama ni watu wa jinsi hiyo hiyo. Kikwazo ni umbali. Chuo cha VETA cha mkoa kiko Babati. Kwa mtu wa Katesh ni basi la asubuhi na jioni. Kwa mtu wa Haydom ni safari, na kila siku aliyofunga mlango ni mteja aliyekwenda kwa jirani. Wilayani Mbulu kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Tango, kimoja cha vyuo vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili hasa ya watu wazima wasioweza kwenda mbali. Mwalimu kupelekwa kwa wasusi 20 ni rahisi kuliko wasusi 20 kumfuata mwalimu.

Nne, wenye saluni wenyewe. Wasingoje Serikali. Saluni sita za mji mmoja zinaweza kuchanga na kumwita fundi mzoefu kutoka Arusha kwa siku mbili za mwezi ambao wateja ni haba. Mwezi huo kila mtu anaujua: ni pale chakula kimepungua ghalani na mazao mapya bado yako shambani.

Kwa mwenye mtaji

Ndugu msomaji, kama umeombwa kuweka fedha katika saluni huko Hanang au Mbulu, leseni iangalie, lakini usiishie hapo. Uliza fundi alijifunza wapi na kwa nani. Mwambie akueleze, bila kusoma, hatua za kupaka dawa na kuizima. Geuza chupa tatu za rafuni usome mgongo wake. Omba daftari la miezi sita. Tazama kama miezi ya mavuno imelipia miezi ya njaa. Na jambo la mwisho, muulize mara ya mwisho alijifunza kitu kipya lini.

Ukijibiwa kwamba alijifunza kitambo na kazi ni ile ile, rudi na fedha yako ukanunue alizeti. Dawa zilizo rafuni mwake hazikuwapo alipojifunza, mteja wake ameshaona mitindo ya Dar es Salaam kwenye simu, na msichana anayefua taulo zake leo ndiye atakayefungua saluni ya pili mtaa wa pili. Atakuwa amejifunza kwa kumtazama yeye.